Taa Iliwaka

Shemeji yangu aliendesha watalii kwa miaka 17, na mpaka leo ukimwuliza habari yoyote atakujibu kwa barabara. Mtoto wake wa pili alizaliwa yeye akiwa Makuyuni. Habari za msiba wa mama yake zilimkuta lango la Loduare, wageni sita wako nyuma, akawafikisha Naabi kwanza ndipo akageuza. Kazi ya dereva wa watalii ni kupita. Makuyuni ukishaipita unashika Mto wa Mbu, unapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Karatu, na kila geti unaloliacha nyuma limekwisha, haliji kukuuliza kama ulilielewa. Nalitaja hili mapema maana kosa lake, ambalo nami nilimsaidia kulifanya, lilianzia kwenye neno hilo la kupita.

Machi 2020 korona ilipoingia, wageni wakakatika. Magari yakaegeshwa uani yakavikwa maturubai, madereva wakaambiwa wasubiri simu. Akasubiri. Akafuga kuku wa nyama 200. Chakula cha kuku kikapanda bei, akauza kwa hasara. Akashinda kijiweni mpaka dada yangu akaanza kumwita mwenyekiti. Mwishoni mwa 2021, akiwa na miaka 43, alitangaza mezani kwamba anarudi shule. Atasomea ufundi umeme wa majumbani, ngazi ya kwanza, Januari anaanza. Dada akauliza ada ni kiasi gani. Mimi nikashangilia, na kesho yake nikaenda stesheneri kumnunulia manila ya bluu na maka peni za rangi nne.

Manila ile ilipendeza. Niseme kweli, ilipendeza kuliko kazi yoyote aliyoifanya kwa mikono yake nusu mwaka uliofuata. Juu aliandika MALENGO YANGU 2022–2025, na chini yake akapanga kama ratiba ya safari ya wageni, siku ya kwanza hapa, ya pili pale. Januari hadi Machi: kumaliza vifaa na usalama kazini. Aprili: kumaliza aina za nyaya. Mei na Juni: kumaliza saketi za taa, tuwei ikiwemo. Desemba: kumaliza ngazi ya kwanza. Mwaka unaofuata ya pili, mwingine ya tatu. Pembeni, kwa kijani: leseni daraja A, umeme wa jua, kompyuta, Kiingereza cha kiufundi. Chini kabisa, kwa nyekundu: kusoma kwa muda wa saa 3 kila usiku. Na kampuni yake, ambayo tayari ilikuwa na jina.

Baadaye sana, mambo yalipokwisha kuharibika, nilikaa nikahesabu. Neno "kumaliza" lilikuwemo mara 11. "Kuweza" halikuwemo hata mara moja.

Mtu anayeijua fani angemshika mkono pale pale. Mafunzo ya ufundi stadi hapa nchini, ambayo VETA ilianza kuyasimamia kwa sheria ya 1994, yanadai umahiri, yaani mwanafunzi apimwe kwa kile anachoweza kukifanya mbele ya mpimaji. Ndiyo maana mtihani una nadharia na una vitendo. Leseni ya kufunga umeme nayo hutolewa na EWURA kwa madaraja, na daraja lako linafuata elimu yako na uzoefu wako. A ndilo la juu kabisa. Mtu ambaye bado hajamenya waya hata mmoja alikuwa ameliandika daraja A kwa wino wa kijani, na mimi, mwenye shahada na safu gazetini, nilisoma nikapiga makofi.

Kiswahili nacho kilituponza kidogo. Tunasema "fulani anasoma" tukimaanisha ni mwanafunzi, na tunasema "fulani anasoma" tukimaanisha macho yake yako kwenye karatasi. Shemeji aliyachukua yote mawili kuwa jambo moja. Alisoma. Nilikuwa nikifika kwao Moshono saa 3 usiku namkuta mezani, miwani puani, kalamu ya njano ya kupigia mistari mkononi, watoto wamekatazwa televisheni. Madaftari yake yangeweza kuwekwa kwenye maonyesho: vichwa vya habari kwa nyekundu, michoro kwa rula, kila swichi na jina lake. Mada ikifika mwisho anainuka, anakwenda ukutani, anapiga alama ya vema kubwa kwenye manila, kisha ananigeukia: "Shem, aina za nyaya nimezipita."

Kilichokuwa kikiendelea mchana chuoni hakutuambia. Nilikuja kukijua miezi baadaye, kwa kuchimba. Darasa lilikuwa na vijana wa miaka 18 na 19, wanamwita Mzee. Kwenye karakana wanagombea mbao za mazoezi, wanafunga, wanaunguza, wanachekana, wanafungua, wanafunga tena. Yeye alikuwa anachagua kukaa pembeni akinakili. Si uvivu. Huyu ni mtu aliyezoea kuulizwa. Kwa miaka 17 watu wa mataifa walimwonyesha kidole ndege mtini, naye akawatajia jina lake kwa lugha tatu. Leo kijana ambaye hajawahi kufika hata Karatu anamwambia, "Mzee, koleo hivyo unajikata." Mkono wa mtu mzima ukikosea mbele ya watoto unauma kuliko unavyouma wa mtoto. Kwa hiyo akajitafutia malengo ambayo angeweza kuyatimiza peke yake, usiku, mlango umefungwa. Kurasa zina uungwana huo: ukizimaliza hakuna anayesimama nyuma yako kuona kama umezimaliza vizuri.

Sasa nieleze tuwei, maana bila kuielewa hutaona alipoanguka.

Ni ile taa ya ngazini: unaiwasha ukiwa chini, unaizima ukifika juu. Swichi zake si za kawaida. Kila moja ina matundu matatu ya kufungia waya. Moja ni komoni, ndilo mama wa yote, na mawili ni ya zile waya mbili zinazosafiri kati ya swichi na swichi. Umeme unaingia kwenye komoni ya swichi ya chini na kutoka kwenye komoni ya swichi ya juu kwenda kwenye taa. Ukikosea, ukauingiza kwenye tundu la msafiri, taa bado itawaka, na ubaya wake ndio huo. Itawaka endapo swichi zote mbili zimelalia upande unaofaa. Lakini zima ya chini, na ile ya juu inageuka pambo la ukutani. Ibonyeze mpaka asubuhi.

Juni mwalimu wao wa vitendo, binti wa miaka kama 27, aliwapa kila mmoja ubao, swichi mbili, waya na dakika 40. Shemeji akafunga, akabonyeza, taa ikawaka, akanyoosha mkono wa kwanza darasa zima. Mwalimu akaja.

"Safi, mzee wangu. Sasa zima hii ya chini."

Akazima.

"Haya, umeshapanda ngazi. Washa."

Akabonyeza. Akabonyeza tena. Vijana wakawa wanatazama dari, kwa heshima.

"Fungua urudie, muda upo," akasema yule binti.

Hakurudia. Alisema homa inampanda, akachukua mkoba akaondoka. Jioni ile, na hili ndilo lililonichosha nilipolisikia, alisimama mbele ya manila akapiga vema kwenye tuwei. Mada ilikuwa imefundishwa, kurasa zimekwisha, na Juni ilikuwa inaisha. Kwa hesabu ya manila hakuwa amedanganya hata kidogo.

Wiki hiyo hiyo kampuni yake ya zamani ikampigia simu, wageni wamerudi, gari lipo. Alikaa na simu ile siku mbili. Dada anasema hakumwona akilala.

Hakwenda. Likizo ya katikati ya mwaka akaamua kuthibitisha kwamba ni fundi. Jirani yao, mwalimu mstaafu, alikuwa na stoo nyuma ya nyumba isiyo na taa. Nyumba ni ya zamani, nyaya zake zimechakaa mpaka rangi zimefanana. Shemeji akaenda na mkoba mpya wa vifaa, akafanya kazi saa mbili, hakutaka malipo. Saa 11 jioni nikapokea picha kwenye simu: balbu inawaka, mwanga wa njano umejaa kwenye magunia ya mahindi. Nikamjibu, "Hongera fundi." Na yeye, bila shaka, akapiga vema.

Leseni hakuwa nayo, hilo mimi na yeye tulilijua, tukalifumbia macho kwa sababu ni taa moja tu.

Wiki ya tatu balbu ikaungua. Yule mwalimu akafanya kama wewe na mimi tungefanya: akazima swichi, akapanda kwenye stuli, akaifungua balbu ya zamani. Vidole vikagusa ndani ya holda. Alipiga kelele moja, wakamkuta sakafuni, kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Daktari alisema anguko ndilo lililomwokoa, maana lilimbandua na umeme.

Kwenye nyumba waya unaoleta umeme ni wa moto, na unaourudisha ni nyutro. Swichi lazima ikate ule wa moto. Ukiiweka kwenye nyutro, taa itawaka na kuzimika vizuri kabisa, humtambui mkosaji. Lakini taa ikizimika umeme haujaondoka. Umesimama pale pale kwenye holda, unamsubiri atakayegusa. Mwenye nyumba anaona giza, anadhani ni salama.

Na shemeji aliyajua haya. Nimeuona ukurasa kwa macho yangu, wa mwezi Mei, mstari umepigwa chini mara mbili kwa nyekundu: swichi ikate waya wa moto, kamwe isikate nyutro. Mwandiko mzuri. Siku ya kazi alikuta nyaya mbili zilizofanana, akakisia kwamba wa kushoto ndio wa moto kwa vile kwenye mchoro wake wa moto huwa kushoto. Testa, ambayo ingemjibu kwa sekunde moja, ilikuwa mfukoni mwa shati, kikofia chekundu kinachungulia nje kama peni ya karani.

Alilipa hospitali. Aliuza mbuzi wawili na darubini yake ya kutazamia ndege, ile aliyopewa na mgeni mmoja. Kwa mwalimu alikwenda na dada, na baba yetu aliyekuwa amekuja kutoka Same, wakaketi wakaomba radhi. Yule mzee hakutaka kusikia habari za polisi. Alisema tu kwamba taa irekebishwe.

Usiku ule ndipo baba alipoiona manila. Alikuwa amekaa kochini akiitazama ana kwa ana, akaanza kuisoma kwa sauti, polepole, kidole kinafuata hewani. Baba ni wa kisomo. Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, yeye alikuwa kijana wa kuchunga aliyeandika jina lake kwa kuchora. Mwaka 1973 alikuwa tayari kwenye kikundi cha redio cha Mtu ni Afya, chini ya mwembe, wiki 12: wanasikiliza kipindi, mmoja anasoma kitabu, wanajadili. Watu kama milioni 2 nchini walikaa hivyo mwaka ule.

Alipomaliza manila akauliza, "Mkwe, hapa umeandika kumaliza, kumaliza. Unamaliza nini?"

"Masomo, baba."

"Sisi kitabu chetu kilikuwa chembamba, wiki moja ungekimaliza. Kiongozi wa kikundi hakukiuliza. Anafika kwako anauliza choo kiko wapi. Ukisema nimechimba, anasema twende. Anakwenda mpaka kwenye shimo, anachungulia."

"Na kama hujachimba?"

"Basi hujasoma," baba akasema, akaomba chai.

Waliokuja kuipima kampeni ile baadaye nao walihesabu vyoo. Nimelifikiria sana hilo. Tuna desturi ya kuizungumza elimu ya watu wazima ya miaka ile kama hadithi ya wazee na taa za kandili, huku wenzetu wale walikuwa na kitu ambacho shemeji mwenye simu janja na maka peni nne hakuwa nacho: lengo ambalo mtu mwingine anaweza kwenda kulichungulia.

Manila ilishushwa. Dada aliigeuza upande usioandikwa akatandika kwenye rafu ya vikombe, na mpaka leo ipo. Shemeji akanunua daftari la kaunta, akapiga mistari minne kila ukurasa. Safu ya kwanza inaanza na "Naweza". Ya pili ni tarehe. Ya tatu ni mbele ya nani. Ya nne ni sahihi ya huyo mtu. Hakujiwekea zaidi ya mambo matatu kwa mwezi, na tarehe haijazwi mpaka sahihi ipatikane. Kumbe ndivyo mambo yanavyobadilika: mtu aliyekuwa akiikimbia karakana ikabidi aende kutafuta mashahidi humo humo.

Mashahidi walikuwa wakali. Kuna kijana, yule wa koleo, aliyepewa kazi ya kushuhudia "Naweza kuunga waya kwenye soketi". Alishika waya akauvuta. Ukatoka.

"Mzee, hii inatoka. Sisaini."

"Umevuta kwa nguvu mno."

"Pasi ya mama itavuta kwa upole?"

Mara ya tatu ndipo akasaini, tena aliandika majina yake yote matatu. Tuwei ilichukua Septemba nzima. Masharti aliyojiwekea yalikuwa kuifunga bila kuangalia mchoro, mara tatu mfululizo, kila mara yule binti azime chini na kuwasha juu, azime juu na kuwasha chini. Alifeli mara nne mbele ya darasa zima. Anasema mara ya pili ndiyo iliyouma; kuanzia ya tatu vijana walikuwa wameacha kutazama dari, wamesogea wanamwambia, "Mzee, komoni, angalia komoni."

Zile saa 3 za usiku alizipunguza hadi moja, na kitu cha ajabu ni kwamba usomaji wenyewe ulinoga, kwa sababu sasa alifungua kitabu akiwa na swali lililomshinda mchana. Leseni bado anaitaka, ila daraja A halitaji tena. Anazungumzia lile linalomfaa mtu wa ngazi yake. Mtihani wa Desemba alifaulu, bila kishindo. Nadharia ilikuwa juu. Vitendo vilikuwa vya wastani, naye aliupenda ule wastani kuliko alama yoyote niliyowahi kumwona akiipata.

Simuulizi tena amefika wapi. Nilikuwa na tabia hiyo, "Shem, umefika wapi?", na naona nayo ilikuwa ni swali la barabarani. Siku hizi nauliza nini kimemshinda wiki hii, anaongea nusu saa.

Juzi alikuja kwangu Sakina, na fundi mwenye leseni anayemfuata siku hizi kama msaidizi wake, kubadilisha soketi ya jikoni iliyoungua. Alizima breka kwenye boksi, akarudi, na bado akatoa testa akagusa kila tundu kabla ya kutia bisibisi. Fundi wake hakusema neno, aliegemea tu friji. Daftari lilikuwa juu ya meza yangu, nikalifungua tangu mwanzo. Mstari wa kwanza kabisa ulisema: Naweza kutambua waya wa moto kwa testa na kuweka swichi juu yake. Tarehe, mwisho wa Agosti. Mbele ya nani: mwalimu, stoo. Na sahihi ilikuwa ya herufi kubwa zilizolala, zinatetemeka, nusu yake imetoka nje ya mstari kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Nikamwuliza inakuwaje mwalimu aliyefundisha miaka 30 anaandika hivi.

"Wa kulia ulikuwa kwenye plasta," akasema, akaendelea kukaza skrubu.